Kiti cha Mama Ingrid na Ua Nililochonga

Kosa langu la kwanza, ambalo ndilo lililozaa safari yote, ni kwamba nilikiona kiti kizuri nikakihurumia.

Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, kila anayepita karakanani kwangu hapa Kigera, Musoma, anasimama mlangoni na kuuliza, "Fundi Mafuru, ni kweli ulifiwa Bunda?" Hapana, sikufiwa. Wengine mmesikia nusu, wengine mmeongeza nusu yenu. Basi someni, na atakayetaka kucheka acheke. Mimi mwenyewe nimeshaanza.

KABLA YA SAFARI

Mnamkumbuka Mama Ingrid, yule mama wa Kiswidi aliyekaa na mumewe karibu na ziwa. Mume alichimba visima, mke alifundisha akina mama kufuma. Mwaka jana aliniita nikamtengenezee dirisha. Dirisha lilichukua saa moja. Mimi nilikaa saa nne.

Nyumba ilikuwa karibu tupu, nikadhani mizigo yao bado iko melini. Hapakuwa na vitambaa juu ya viti, wala kabati la vyombo vya kuonyeshea wageni. Vilivyokuwepo vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikaa kama mtu asiye na wasiwasi. Palikuwa na birika jeupe lenye mdomo mfupi ambalo halikudondosha hata tone. Palikuwa na kisu cha siagi cha mti mtupu, kipande kimoja, ambacho kilinienea kiganjani kama vile mtu alikuja usiku akanipima mkono. Juu ya meza ilining'inia taa iliyofunikwa kwa bati jembamba la tabaka tabaka: hata ukiinama vipi, glopu yenyewe huioni, unaona mwanga umetulia mezani. Nilikishika kile kisu cha siagi muda mrefu mpaka Mama Ingrid akaniuliza kama nataka mkate.

Na palikuwa na kiti. Miguu minne myembamba, kikalio cha kamba iliyosukwa, ubao mmoja uliopinda kidogo wa kuegemea. Basi. Ningependa kuwaambia kwamba nilikipenda papo hapo, lakini ningekuwa naongopa. Nilidhani kwamba kwenye kiti fedha ziliwaishia.

Baadaye wakahamia Bunda. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umelegea, hivyo Mama Ingrid akaniachia. "Tengeneza mguu tu," aliniambia. Akarudia, "Mguu tu." Nilisikia vizuri kabisa.

Mguu niliumaliza siku ileile. Halafu nikakitazama kiti, nikaona kiko uchi. Mnanijua: mimi sikufundishwa na mtu. Ufundi nimeupata kwa kufumua meza za watu na kuomba Mungu zirudi. Mtu wa namna hiyo anaamka kila asubuhi akiogopa kwamba leo ndiyo siku atakayogundulika. Kitu kisicho na urembo naogopa watu watasema fundi hakuweza. Kwa hiyo nikachukua patasi, nikachonga ua la waridi katikati ya ubao wa egemeo, nikalizungushia majani, na chini yake nikaandika KARIBU MGENI, kama ilivyo kwenye vitambaa vya nyumba zetu zote. Kisha vanishi, mara mbili.

Mama Ingrid hakutuma mtu kukichukua. Kiti kikakaa mbele yangu majuma mengi, na mimi nikala chakula changu cha mchana nikikitazama. Hapo ndipo nikaanza kuona. Miguu ilikuwa minene mahali inapobeba na myembamba mahali isipobeba kitu. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Kila ulimi uliingia kwenye tundu lake na kutulia. Ukiegemea, ule ubao unakushika pale pale mgongo unapochokea. Juma la nne nilitambua kwamba macho yangu yanakwenda kila sehemu ya kiti isipokuwa pale nilipochonga. Juma la tano niliona haya.

Nikaamua kutengeneza egemeo jipya, lilingane kabisa na la zamani kabla sijaliharibu. Mbao zetu zote ni nyekundu au kahawia, na ile ilikuwa nyeupe, basi nikaomba kasha lililoleta mashine kutoka ng'ambo, nikalipasua. Nilitengeneza egemeo mara saba. La saba nililipaka chai ya rangi ili likomae kidogo. Katika kazi hiyo gundi ilinimwagikia kichwani, ikabidi ninyoe nywele zote. Kumbukeni hilo la nywele.

Mpango wangu nauandika kama ulivyokuwa: nimpelekee kiti, nipokee asante, nirudi Kigera, nisiseme neno. Lile egemeo lenye ua nililifunga ndani ya shati, nikalitia kwenye begi. Sikuwa na sababu ya kulibeba. Niliogopa tu kuliacha nyuma, msije mkaliona.

MUSOMA HADI BUNDA

Lori la Wambura lilikuwa liondoke saa moja asubuhi kwenda kuchukua pamba. Nilifika saa kumi na mbili, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Wambura, mtu mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi, alikuwa amekaa kibandani anakula sato na ugali, na hakuonekana kuwa na mpango mwingine wa maisha.

Mimi nilisimama kando nikiwa nimekikumbatia kiti. Nilikuwa nimekifunika shuka nyeupe na kukishona kwa uzi, vumbi lisiingie. Utingo alitaka kukirusha juu ya magunia, nikapiga kelele, "Usikiguse!" Watu wote wakageuka. Wambura akanitazama kichwani, akatazama ile shuka, akaacha kutafuna. Akanawa mikono, akaja amevua kofia.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe utakaa mbele."

Nilidhani anaomba radhi kwa kuchelewa. Nikamwambia ni mambo ya kawaida, kila mtu yanampata. Akanishika bega. "Una moyo," akasema. "Una moyo kweli."

Mbele tulikaa watatu. Katikati alikuwa mama mmoja wa makamo, mkulima wa pamba wa Bunda, aliyekuja Musoma kumwona binti yake aliyejifungua. Jina lake Mama Nyangeta. Alipanda akicheka na watu nje, akaniona, akanyamaza. Tulikwenda mwendo mrefu kabla hajauliza.

"Aliugua siku nyingi?"

"Nani?"

"Mwenye kiti."

Mawazo yangu yalikuwa kwenye kiti kama kawaida. "Shida ilikuwa mguu," nikamjibu. "Mmoja tu. Vingine vyote vilikuwa vizima."

"Mguu!" Akapiga kofi moja, akamgeukia Wambura. "Unasikia? Mguu tu! Hata shemeji yangu alianzaga na mguu."

Wambura akatikisa kichwa. "Miguu siku hizi haina huruma."

Hapo ndipo nikaelewa. Mimi nimezaliwa mjini, lakini mambo ya wazee nimeyasikia. Kwa watu wa kule vijijini, kiti cha baba hakikaliwi na mtoto hata siku moja. Baba akifa, mwana anayemrithi anakibeba kiti mwenyewe, mikononi, na hakuna mwingine anayekigusa mpaka kifike kinapokwenda. Na wafiwa wananyoa nywele. Nitazameni kama walivyonitazama wao asubuhi ile: kichwa kimenyolewa, kiti kimoja, shuka nyeupe, na uso wa mtu ambaye hajalala. Hata mimi ningenipa pole.

Nilifungua mdomo nikanushe. Lakini Mama Nyangeta alikuwa tayari ameshika pembe ya khanga yake, anafuta macho. Nikaufunga mdomo. Sikutamka uongo wowote, nataka lieleweke hilo. Niliuacha tu ukae hapo mbele pamoja nasi, dirishani, upigwe na upepo.

Baada ya saa moja gari likazama kwenye mchanga wa kijito. Watu wote wakashuka kusukuma. Nikaweka kiti kando nikakunja mikono ya shati, Wambura akanizuia kwa vidole viwili. "Mfiwa hasukumi lori." Basi mama aliyetoka kuuguza mzazi alisukuma, wazee wawili walisukuma, na mimi kijana mwenye mikono ya kupiga randa nilisimama barabarani nikipewa heshima. Mzee mmoja alirudi anahema, akanikatia nusu ya samaki wake wa moshi. Nilimla kwa aibu kubwa, lakini nilimmaliza.

BUNDA

Nyumba aliyokaa Mama Ingrid ilikuwa imefungwa. Jirani alisema wamehamia Butiama tangu mwezi uliopita, kuna kijiji kinaanzisha karakana na yule mama anafundisha huko. Na usafiri? Trekta la kijiji litakuja kuchukua mabati keshokutwa.

Mama Nyangeta, aliyenisindikiza mpaka mlangoni, alichukua begi langu bila kuuliza. "Utalala kwangu. Mtu hakai stendi na kiti cha baba yake."

Ulikuwa wakati wa pamba. Uani kwake kulikuwa na marundo mawili: moja jeupe kama povu, jingine limepigwa na vumbi na madoa. Wanunuzi wanaziita safi na fifi, na fifi ikionekana ndani ya gunia la safi, gunia zima linarudishwa. Kwa hiyo nyumba nzima ilikaa chini ikichambua, na mikono yao ilikwenda haraka kuliko macho yangu.

Majirani wakaja. Mmoja alileta unga wa mtama, mwingine kuku. Wakakaa nami kimya, wakaondoka. Kabla hawajaondoka walitaka kiti kifunguliwe, kwamba si vizuri kukifunga kama kimeua mtu. Nikafumua ule uzi. Kikasimama katikati ya chumba cha udongo, kwenye mwanga wa mlango.

"Miguu kama korongo," mzee mmoja akasema.

"Kimetulia," akasema mwingine. Nami, katikati ya udanganyifu wangu, nilijisikia fahari, jambo ambalo nalikiri ili msinione mtu mwema kupita nilivyo.

Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa nasaidia kuchambua pamba, vibaya. Mama Nyangeta akapita kwenda kuchota maji ya mtungini, akarudi, akasimama mbele ya kiti.

"Huu ubao wa mgongo si wa kiti hiki."

"Ni wake, mama."

"Mafuru."

"Ni wake. Labda jua limeupiga zaidi."

Akaupitishia kidole. "Mwanangu, mimi tangu msichana nachambuaga pamba. Hii miguu ni safi. Hiki cha kukalia ni safi. Huu ubao ni mzuri, umepigwa msasa vizuri, lakini ni fifi. Umeuchanganya ili gunia lipite."

Mara saba nilitengeneza ule ubao. Nilipima kwa uzi, nilipima kwa karatasi, niliupaka chai. Mama huyu aliumaliza akiwa na kata ya maji mkononi.

Nikamweleza yote. Kwamba sina msiba; baba yangu yuko Buhare na ana afya kunishinda. Kwamba kiti ni cha mama wa Kiswidi. Kwamba mguu uliolegea ulikuwa wa kiti. Nilipofika kwenye mguu, Mama Nyangeta alikaa kwenye rundo la safi, kisha akalala kabisa, akicheka bila sauti, anapiga pamba kwa kiganja. Akaamka ghafla.

"Na kuku?"

"Tumeshamla, mama."

Akafikiri. "Basi majirani wasijue. Wewe umefiwa mpaka uondoke."

Ili kujitetea nikaanza kumweleza vitu vya Waswidi. Nilimwambia juu ya birika, taa, kisu cha siagi. Kwamba hawaweki ua, hawaweki rangi. Kitu kinafanya kazi yake na uzuri wake unatoka humo humo.

"Kama mwiko," akasema.

"Ndiyo."

"Kama kibuyu."

"Ndiyo, lakini..."

"Kama jiwe la kusagia."

"Mama, wenzetu wamesomea."

"Wamesomea kibuyu?"

Nikamtolea lile egemeo lenye waridi. Alilishika, akalitazama kwa makini kuliko nilivyopenda.

"Ua ni zuri."

"Ni baya, mama."

"Ni zuri. Ila limekaa kwenye nyumba ya mtu bila hodi." Akanirudishia. "Utamwambia?"

"Asipogundua..."

"Mimi nimegundua nikienda kunywa maji. Yeye amekikalia miaka mingapi?"

BUNDA HADI BUTIAMA

Trekta lilikuja na tela, na juu ya mabati alikaa mwenyekiti wa kile kijiji, Ndugu Masatu, mtu mwembamba aliyependa kubishana kama wengine wanavyopenda tumbaku. Hatujafika mbali akaanza.

"Ndugu fundi, kiti hicho kinakaliwa na watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Unaona sasa. Tunahamisha watu kutoka milimani waje wakae pamoja, na wewe unatuletea kiti cha kukaa peke yako."

"Si changu, Ndugu Mwenyekiti."

"Karakana yetu inatengeneza mabenchi. Benchi ndilo lenyewe. Ukikaa peke yako kwenye benchi unajisikia kutafuta mwenzio. Ukikaa kwenye kiti unatafuta wa kumtuma maji."

Dereva wa trekta akacheka mpaka usukani ukacheza. Masatu akatazama ile shuka niliyokuwa nimekifunika nayo tena, akashusha sauti. "Au ni cha marehemu? Maana kama ni cha marehemu, naomba radhi."

Nilipewa mlango wa kutokea, tena na mwenyekiti mwenyewe. Ningesema ndiyo, tungekwenda kimya mpaka Butiama. Nikasema, "Hapana. Ni kiti cha mama mmoja wa Uswidi, nimekitengeneza." Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, nikajidanganya kwamba na ile nitakayomwambia Mama Ingrid itakuwa rahisi vilevile.

Mabati yalikuwa ya moto na yenye kona kali. Baada ya bonde la pili Masatu akauliza, kwa ajili ya ujuzi tu, kama anaweza kujaribu. Nikafumua shuka. Akakaa kwa tahadhari. Akaegemea. Akasogea kidogo, akaegemea tena.

"Mh," akasema.

Hakuinuka. Safari yote iliyobaki alitueleza ubora wa benchi akiwa amekaa kwenye kile kiti, juu ya tela, mguu mmoja juu ya mwingine. Tulipotaka mtu wa kushuka kufungua njia ng'ombe wapite, alinituma mimi.

BUTIAMA

Hivyo ndivyo Mama Ingrid alivyokiona kiti chake kikirudi: kinakuja juu ya trekta na mwenyekiti amekikalia. Alitoka nje akiwa ameshika sindano za kufumia, akacheka, akasema, "Karibu, Mafuru. Karibuni wote. Mwenyekiti, tafadhali shuka, mimi nataka kukaa." Masatu akashuka, akaenda zake na mabati.

Ndani palikuwa vile vile. Birika jeupe. Kisu cha siagi. Taa ilikuwa imetundikwa chini karibu na dirisha, na chini yake palikuwa na kitambaa cha sakafuni, na juu ya kitambaa hapakuwa na kitu. Mahali pa kiti palikuwa pamengoja. Mimi nilikuwa nimekaa nacho miezi mingi nikijitafutia ushindi, na yeye kila siku alikuwa anapapita pale pamoja na pengo lake.

Akakiweka mahali pake, akakaa, akaegemea. Kisha akakaa wima tena. Mkono wake ukaenda nyuma, ukashika egemeo, ukatembea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nimepewa kahawa. Nikaweka kikombe chini.

"Egemeo si lake," nikasema. "Ni langu. La zamani nililiharibu."

Nikafungua begi, nikafungua shati, nikaliweka mezani kwenye mwanga wa dirisha. Waridi, majani, KARIBU MGENI, vanishi inang'aa. Nilimweleza kwamba aliniambia mguu tu, na nilisikia mguu tu. Nilimweleza kwamba nilikiona kiti ni maskini, nikataka kukisitiri, na kwamba nilikusudia kumdanganya hadi jana asubuhi. Nilisema mengi. Yeye hakunitazama. Aliligeuza lile egemeo upande wa nyuma.

"Huku uligusa?"

"Sikugusa."

Akaweka kidole gumba kwenye mfuo mdogo uliopita kwa urefu wa ubao. Niliuona siku nyingi nikadhani ni dosari, na kwenye langu la saba sikuutia.

"Kisu cha baba yangu kilikuwa na jino lililovunjika," akasema. "Kila alichotengeneza kina mstari huu. Alikuwa anafagia shule. Useremala alijifunza mwenyewe, jikoni, wakati wa baridi, mama anagombana naye kwa sababu ya takataka. Kiti hiki kilimchukua miaka miwili." Kidole kikabaki kwenye mfuo. "Alikufa sisi tukiwa Musoma. Sikuwahi mazishi."

Sikujua. Naapa sikujua. Nilikaa pale na kahawa yangu, nikawafikiria Wambura na kofia yake, na yule mzee wa samaki, na majirani waliokaa kimya mbele ya kiti. Nikamwambia, kwa sababu sikupata kingine cha kumpa, "Mama, Bunda wameshamlilia baba yako. Wamekaa na kiti chake siku mbili. Wamechinja na kuku."

Akanitazama kama mtu aliyepoteza Kiswahili. Ikabidi nimsimulie yote kuanzia nywele. Alicheka kwenye mguu, kila mtu hucheka kwenye mguu, kisha akalia wakati bado anacheka, akaniuliza jina la aliyelia wa kwanza. Mama Nyangeta, nikasema. Akalirudia mara mbili ili asilisahau.

Nikadhani yamekwisha. Akafuta uso, akasukuma lile egemeo la waridi mbele yangu.

"Toa lako. Rudisha la baba."

"Lenye ua?"

"Lenye ua."

"Naweza kulipiga randa kidogo, Mama, ua lote litatoka, nitalifanya..."

"Hapana." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia na sauti hiyo. "Umeshapunguza vya kutosha. Silipendi ua hili, Mafuru. Silipendi kabisa. Lakini mkono wa baba uko nyuma yake, na mkono huo hauko kwenye lako."

Nikaenda barazani na zana za karakana yao, nikalitoa egemeo langu zuri. Nililipenda, siwezi kuwaficha. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na lilitoka kwenye kile kiti bila kukiachia hasara yoyote. Nikarudisha la mzee yule wa Uswidi. Ulimi wake ukaingia kwenye tundu lake moja kwa moja, kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani. Nikafunga kwa kamba, nikasubiri gundi ikauke mpaka jua likapungua.

Masatu akapita na jembe begani. Akasimama, akasoma KARIBU MGENI kwa sauti.

"Sasa ndiyo kiti!" akasema. "Mlikuwa mmesahau kukimalizia."

Mama Ingrid alikuwa mlangoni. Hatukuangaliana. Alikiingiza ndani mwenyewe, akakiweka chini ya taa, akakaa, akaegemea, na safari hii hakukaa wima tena. Jioni tulikula ugali na maziwa mgando, na yeye alikaa hapo hapo, na kila aliposogea, waridi langu lilitokeza begani mwake, likametameta, na mimi nikatazama sahani.

Kurudi hakukuwa na jambo, isipokuwa Wambura, aliyekuwa ameshasikia kwamba sikufiwa, alinipakia nyuma, juu ya marobota, na alipokuwa anaondoa gari akanipigia kelele kwamba leo nitasukuma.

Kilichobadilika ni hiki. Mtu akiniletea kitu cha kutengeneza, namwuliza kwanza nani alikitengeneza, nangoja amalize kusimulia, kisha natengeneza palipovunjika tu.